Jinsi ya kulinganisha rangi mbili zilizokoza kabla ya kupaka chumba

Kadi mbili za rangi nyepesi zikiwa mezani, jicho huamua mara moja: hii ina unjano, ile ina ukijani. Rangi zilizokoza hazitoi jibu kirahisi hivyo. Kijivu cha mkaa na bluu ya usiku, kila moja kwenye kipande cha karatasi kisichozidi vidole vitatu, huonekana zote "karibu nyeusi", na mnunuzi huishia kuchagua jina lililomvutia. Tofauti ipo, tena kubwa, ila hujionyesha kwenye eneo pana na hasa mwanga unapopungua. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuzipeleka rangi zote mbili ndani ya chumba husika, zikiwa na ukubwa wa kutosha, na kuziangalia saa zile ambazo watu wanakitumia chumba hicho.

Anza na namba iliyo nyuma ya kadi

Watengenezaji wengi huandika nyuma ya kadi au kwenye tovuti yao herufi LRV na namba. Hicho ni kiwango cha mwanga unaorudishwa na rangi: 0 ni weusi usiorudisha chochote, 100 ni weupe unaorudisha mwanga wote. Nyeupe za kawaida za dari ziko juu ya 80. Rangi tunazozizungumzia hapa ziko chini ya 15, na nyingi ziko kati ya 3 na 10. Kwa mfano, katika rangi za kampuni ya Sherwin-Williams, Peppercorn ina 10, Iron Ore ina 6, na Tricorn Black ina 3.

Ukiona 6 na 10 ni rahisi kudhani kwamba zinakaribiana. Hazikaribiani. Ukuta wa 10 unarudisha mwanga zaidi ya ule wa 6 kwa karibu theluthi mbili. Pointi nne hizohizo kwenye rangi nyepesi, tuseme kutoka 80 hadi 84, ni ongezeko la asilimia 5 tu. Ndiyo maana rangi moja iliyokoza inaweza kuonekana ni kijivu mchana kutwa huku jirani yake kwenye kadi ikionekana kama shimo jeusi ukutani.

Kwa hiyo gawanya namba kubwa kwa ndogo. Jibu likiwa chini ya 1.3, achana na swali la ipi imekoza zaidi, kwa sababu ukutani hutaona tofauti ya maana ya giza. Kilichobaki ni mwegemeo wa rangi. Jibu likifika 1.5 au zaidi, unachagua kati ya vyumba viwili tofauti, na pengine taa utakazohitaji zitatofautiana pia.

Tafuta mwegemeo uliojificha

Kila rangi iliyokoza ina rangi nyingine inayoiegemea chini kwa chini. Kijivu cha mkaa kinaweza kuegemea ubuluu, ukijani, uzambarau au ukahawia. Bluu ya usiku inaweza kuwa na wekundu ndani yake ukaisogeza kwenye zambarau, au ukijani ukaisogeza kwenye rangi ya bahari. Kwenye kadi ndogo mwegemeo huu haujitokezi. Kwenye mita za mraba 35 za ukuta hauna pa kujificha, na mwenye chumba ndipo anaposema "mbona hii imekuwa zambarau?"

Njia ya kwanza ya kuujua ni kusoma fomula. Rangi ikichanganywa kwa mashine, kopo hubandikwa lebo yenye orodha ya pigmenti (chembe zinazotia rangi) na vipimo vyake. Muombe anayechanganya akuonyeshe fomula za rangi zote mbili kabla hajazichanganya, na akueleze kila kifupisho ni pigmenti gani, maana vifupisho hutofautiana kati ya mashine na mashine. Nyeusi itakuwepo karibu kila mara. Angalia kinachoifuata. Oksidi nyekundu au ya njano inapasha rangi joto na kuipeleka kwenye ukahawia. Bluu ya ftalo au kijani cha ftalo huipoza, tena kwa nguvu nyingi hata ikiwa kwa kiasi kidogo. Majenta huleta uzambarau.

Njia ya pili haihitaji lebo. Chukua kijiko kimoja cha rangi iliyokoza, ukichanganye na vijiko kumi vya rangi nyeupe ya maji, nyeupe tupu isiyotiwa chochote. Fanya hivyo kwa rangi ya pili katika kikombe kingine, kwa kijiko kilekile kilichooshwa na nyeupe kutoka kopo lilelile. Koroga mpaka isibaki michirizi, kisha paka mistari miwili sambamba kwenye karatasi nyeupe na uiache ikauke. Kilichokuwa "karibu nyeusi" kitafunguka: mstari mmoja utatoka kijivu chenye ubuluu, mwingine utaonekana kama jivu lenye ukahawia. Jihadhari na jambo moja tu. Pigmenti nyeusi ya kaboni yenyewe, ikichanganywa na nyeupe, huelekea kwenye ubuluu kidogo, kwa hiyo usiihukumu rangi kwa mstari wake peke yake. Pima umbali kati ya mistari miwili.

Nyeusi kubadilika kwa sababu ya jirani yake si jambo jipya. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kwenye vivuli vya vitambaa vya bluu na zambarau zilikuwa hafifu. Alipochunguza akakuta rangi ya nyuzi haina kasoro. Bluu iliyokuwa pembeni ndiyo iliyoifanya nyeusi ionekane imechakaa. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na chumba chako kiko chini ya kanuni hiyohiyo: kijivu cha mkaa kando ya sofa ya bluu kitasukumwa kuelekea ukahawia, na kando ya mbao zenye wekundu kitaonekana kina ubuluu au ukijani ambao hukuuona dukani.

Tengeneza mbao za majaribio

Usipake viraka moja kwa moja ukutani ukiweza kuepuka. Kuna sababu mbili. Kiraka cheusi katikati ya ukuta mweupe huonekana cheusi zaidi ya kilivyo, kwa kuwa jicho limeshazoea weupe. Na kingo za kiraka huacha mwinuko mdogo ambao baadaye, chini ya mikono miwili (yaani tabaka mbili) ya rangi iliyokoza, taa ya pembeni itauchora kama fremu ya picha. Kama tayari vipo, vipige msasa wa namba 150 mpaka kidole kisihisi ukingo.

Tumia hadibodi, ubao wa jipsamu au boksi nene lisilopinda. Vipimo vya sm 60 kwa 90 vinatosha. Chini ya sm 30 kwa 30 utakuwa umerudi kwenye kadi. Tengeneza mbao mbili kwa kila rangi, kwa sababu utazihitaji kwenye kona. Paka praima (rangi ya msingi) kwanza, kwani boksi tupu hunyonya rangi na kuiacha na mabaka. Kisha paka mikono miwili kwa rola, ukitumia manyoya ya urefu uleule utakaotumia ukutani. Kwa ukuta laini ni mm 10 hadi 12. Paka mpaka kwenye kingo bila kuacha mpaka mweupe. Mbao mbili za ukubwa huo ni karibu mita 1.1 za mraba, na kwa mikono miwili ni 2.2, hivyo kikopo cha nusu lita kwa kila rangi kinatosha, na robo lita itakubana kwa kuwa rola nayo hubaki na sehemu yake.

Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi na yenye utandu wa maziwa, kwa sababu chembe za utomvu wake bado zinatawanya mwanga. Maji yakishatoka, chembe hizo huungana na kuwa angavu, na rangi hukoza. Mtu anayeangalia ubao baada ya saa moja anahukumu kitu ambacho hakitakuwepo kesho. Subiri saa 24. Nyuma ya kila ubao andika jina, namba ya rangi, aina ya mng'ao na idadi ya mikono, la sivyo baada ya siku mbili utakuwa na mbao nne zinazofanana na hujui ipi ni ipi.

Tahadhari kuhusu vikopo vya majaribio: mara nyingi huuzwa kwa mng'ao mmoja tu, na huenda si ule utakaopaka. Ukiweza, nunua kopo dogo kabisa la rangi halisi.

Namna ya kuangalia

Kosa linalofanyika zaidi ni kuziweka mbao zikigusana na kuziangalia hivyo muda wote. Zikigusana, kila moja inaikuza tofauti ya mwenzake. Ile yenye ubuluu kidogo inakuwa bluu kabisa. Ukutani hakutakuwa na rangi ya pili ya kulinganishia. Zitazame zikiwa pamoja kwa dakika chache ili ujue zinatofautiana wapi, kisha ondoa moja, ifungie chumba kingine, na uishi na iliyobaki kwa siku nzima. Kesho yake badilisha. Uamuzi wa kweli hupatikana katika siku hizo mbili.

1. Ukuta wa sasa ukiwa mweupe, ufunike kwa shuka au karatasi ya kijivu nyuma ya ubao, angalau nusu mita kila upande.

2. Simamisha ubao wima, kwenye kimo cha macho. Ukiulaza mezani unapokea mwanga wa dari ambao ukuta hautaupata kamwe.

3. Uweke kwanza kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kisha kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe. Huo wa pili ndio wenye giza kuliko zote, na karibu na mwangaza wa dirisha rangi ya LRV 4 huonekana nyeusi tii, iwe ilianza kama bluu au kijani.

4. Chukua mbao mbili za rangi moja na uziunganishe kwenye kona ya ndani. Mwanga unaoruka kati ya kuta mbili unapakwa rangi kila unapogonga, hivyo mwegemeo hukolea konani. Hapa ndipo kijivu chenye uzambarau wa siri kinapojisaliti.

5. Ushushe ubao mpaka sakafuni. Sakafu ya mbao nyekundu, zulia au vigae hutupa rangi yao kwenye sehemu ya chini ya ukuta.

6. Weka karibu nao vitu vitakavyobaki chumbani: pazia, kipande cha kitambaa cha sofa, fremu ya mlango.

Rudia hayo asubuhi, mchana, magharibi na usiku taa zikiwa zimewashwa. Dirisha lisilopata jua la moja kwa moja hupokea mwanga wa anga, ambao una ubuluu. Kijivu kilichopoa kitazidi kupoa na bluu itashiba. Jua la kuzama hufanya kinyume chake: huamsha wekundu na ukahawia.

Kipindi cha magharibi, kabla taa hazijawashwa, kina somo lake la pekee. Mwanga unapofifia, jicho huhama polepole kutoka kwenye seli zinazotambua rangi kwenda kwenye zile zinazofanya kazi gizani, na hizi hazioni wekundu vizuri ila huhisi zaidi bluu na kijani. Jambo hili linaitwa athari ya Purkinje. Matokeo yake ukutani ni kwamba rangi iliyokoza yenye wekundu ndani, kama kahawia ya kahawa au zambarau ya damu ya mzee, hugeuka nyeusi mapema, wakati bluu na kijani zenye LRV ileile huendelea kuonekana kwa muda. Kwa chumba cha kulala au sebule ya jioni, kigezo hiki kina uzito kuliko vingine vyote hapa. Mtu anayetaka rangi yake ionekane ni rangi hata jioni aegemee bluu au kijani.

Taa kwanza, rangi baadaye

Ukipanga kubadilisha taa, zibadilishe kabla ya majaribio. Balbu za 2700 K (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa) hutoa mwanga wa njano unaochangamsha kahawia na kufubaza bluu. Bluu ya usiku chini yake inaweza kuonekana nyeusi tu. Balbu za 4000 K ziko katikati. Za 6500 K hupoza kila kitu, na kijivu cha mkaa chini yake huwa kama chuma. Angalia pia CRI kwenye boksi la balbu, yaani kipimo, hadi 100, cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Kwa rangi zilizokoza tafuta 90 au zaidi. Balbu ya 80 mara nyingi huwa hafifu upande wa wekundu, na rangi iliyokoza ina mwanga mchache wa kurudisha tangu mwanzo, kwa hiyo kinachokosekana kinaonekana.

Na ujue kwamba rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa sababu zimetengenezwa kwa pigmenti tofauti. Ukitaka ukuta ulingane na kabati au pazia, jaribu chini ya kila taa ya chumba hicho.

Picha za simu zisikupe uamuzi. Kamera huona giza, ikaongeza mwangaza na kusawazisha weupe kwa kubahatisha. Ukilazimika kumtumia mtu picha, weka mbao zote mbili na karatasi nyeupe ndani ya picha moja. Angalau uhusiano wao utabaki.

Mng'ao ni sehemu ya rangi

Kopo moja la fomula ileile, mati (isiyong'aa) na silki (inayong'aa kiasi), hutoa kuta mbili tofauti. Uso wa mati hutawanya mwanga kila upande, na sehemu ya mwanga huo hulifikia jicho kama utandu mwepesi; rangi huonekana laini na nyepesi kidogo. Uso wa silki hurudisha mwanga kama kioo upande mmoja, hivyo ukitazama kutoka upande mwingine rangi huonekana imezama zaidi, ila ukikaa usawa wa mwakisiko unaona doa jeupe la dirisha badala ya rangi. Ukilinganisha rangi A ya mati na rangi B ya silki, hujalinganisha rangi.

Mng'ao huamua pia matunzo. Mati iliyokoza huonyesha kila kidole: ukiisugua inang'aa pale ulipogusa, na kucha ikipita huacha mstari mweupe kama wa chaki, kwa kuwa unga wa kujazia ulio ndani ya rangi umepasuliwa. Silki huoshwa vizuri lakini hufichua kila bonde la lipu. Kwa korido na chumba cha watoto tunapendekeza mng'ao wa kati, ule wa ganda la yai, na lipu isawazishwe kwa puti na msasa kwanza. Shika tochi ubavuni mwa ukuta usiku. Kila kivuli utakachokiona, rangi iliyokoza itakionyesha.

Ipi itakusumbua zaidi kuipaka

Rangi mbili zenye giza sawa hazifuniki sawa. Zilizokoza huchanganywa kwenye besi (rangi ya kopo kabla ya kutiwa pigmenti) yenye titani dioksidi, pigmenti nyeupe, kidogo au isiyo nayo kabisa, na titani ndiyo hufunika. Kijivu cha mkaa chenye nyeusi nyingi ya kaboni kwa kawaida hufunika kwa mikono miwili. Bluu iliyoiva au nyekundu ya damu ya mzee inaweza kudai mitatu au minne juu ya ukuta mweupe. Praima iliyotiwa kijivu hupunguza mkono mmoja. Uliza kama mtengenezaji ametaja kivuli cha kijivu kinachofaa kwa rangi hiyo.

Kwa hesabu, chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7. Kuta zake ni mita 40.5 za mraba; toa mlango na dirisha, karibu 3.7, ubaki na takriban 37. Kwa lita moja kwa mita 10 za mraba, kila mkono ni lita 3.7. Mikono miwili ni lita 7.4, mitatu ni zaidi ya 11. Tofauti hiyo ya karibu lita nne iingie kwenye ulinganisho, pamoja na siku ya ziada ya fundi.

Makopo yote ya rangi moja yamimine kwenye ndoo kubwa na uyakoroge pamoja kabla ya kuanza, kwani mchanganyiko wa kopo na kopo hupishana kidogo, na kwenye rangi iliyokoza upishano huo huonekana katikati ya ukuta. Kata pembe za ukuta mmoja kwa brashi, yaani paka kingo zake ambako rola haifiki, kisha piga rola papo hapo, ukiisogeza hadi sm 2 au 3 kutoka kwenye pembe wakati ukingo bado mbichi. Ukikata chumba kizima kwanza na kupiga rola baadaye, utabaki na mkanda wa giza kuzunguka dari ambao mkono mwingine hauufichi vizuri. Usirudi kusahihisha sehemu iliyoanza kukauka.

Rangi zilizotiwa pigmenti nyingi hukauka polepole. Zipe muda ulioandikwa kwenye kopo na nyongeza, hasa hewa ikiwa na unyevu. Bafuni au jikoni, mvuke ukigusa rangi hiyo siku za mwanzo unaweza kutoa michirizi ya kahawia inayonata. Ni sabuni zilizo ndani ya rangi zinazotoka, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, na huweza kujirudia mara moja au mbili. Usipake mkono mwingine juu yake kabla ya kuosha. Rangi hupata ugumu wake kamili baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usiegemeze kabati wala kusugua ukuta kabla ya hapo.

Ukiwa bado njia panda

Baada ya hayo yote, zikibaki sawa machoni pako, chagua ile yenye LRV kubwa kwa chumba chenye dirisha moja au dari fupi, na ile ya chini zaidi kwa chumba chenye mwanga mwingi, ambako mwanga wa jua huichuja rangi na kuifanya ionekane nyepesi kuliko ubao ulivyoonyesha jioni. Ikiwa bado unahofia giza, usimwambie muuzaji aipunguze rangi "kwa nusu" ukidhani itabaki ileile nyepesi: fomula ikipunguzwa kwenye besi nyingine, mwegemeo uliojificha hutoka nje, kama mistari yako miwili ya majaribio ilivyoonyesha. Iliyopunguzwa ni rangi mpya, nayo inahitaji ubao wake.

Ukishapaka, hifadhi nusu lita kwenye chombo kinachoziba vizuri, pamoja na picha ya lebo ya fomula. Kiraka cha ukarabati kwenye ukuta wa mati iliyokoza huonekana hata kikitoka kopo lilelile, kwa hiyo alama ikiwa kubwa kuliko sarafu, paka upya ukuta mzima kutoka kona hadi kona.